Miche Kwanza, Kilo Baadaye: Kukadiria Idadi ya Soya Shambani



Soya iliingia nchini Tanzania kupitia Amani, Tanga, mwaka 1907, na leo mashamba yake yako Ruvuma, Iringa na Njombe. Mkulima akija kwetu wanataaluma huuliza, "Nipande kilo ngapi kwa ekari?" nasi hutaja kilo. Naamini swali hilo linaanzia mwisho. Mbegu 100 zikiwa na uzito wa gramu 12, kilo moja ina mbegu 8,300 hivi; zikiwa na gramu 20, ni 5,000 tu. Majirani wawili wanaopanda kilo sawa wanaweza kuvuna mashamba mawili yasiyofanana hata kidogo.

Tuanze na miche. Mistari ikiachana sentimita 50 na mche kwa mche sentimita 5, hekta inabeba miche 400,000. Lakini mbegu ya soya ina mafuta mengi, na katika ghala lenye joto na unyevu hufa upesi kuliko mahindi, huku kwa macho ikionekana nzima. Kwa hiyo, kabla ya msimu, fukia mbegu 100 kwenye mchanga mbichi, kisha baada ya wiki moja hesabu zilizoota. Tuseme zimeota 80. Shambani nako kuna ndege, wadudu na udongo unaofanya gamba baada ya mvua kubwa. Mche wa soya huchomoza ukiwa umebeba pande zote mbili za mbegu yake, na shingo huvunjika ukikuta gamba hilo. Tukikadiria kwamba kati ya zinazoota asilimia 90 zitapona, tunagawanya 400,000 kwa 0.72: mbegu kama 556,000. Mbegu 100 zikiwa na gramu 15, hizo ni kilo 83 kwa hekta, sawa na kilo 34 hivi kwa ekari. Hapo ndipo kilo inapotajwa.

Miche ikishatoka, rudi shambani ukahesabu. Kwa mistari hiyohiyo, mita 20 za mstari ni sehemu moja ya elfu ya hekta. Hesabu miche yake, zidisha kwa 1,000. Fanya hivyo mahali kadhaa, pabaya na pazuri.

Ukipata 250,000, usikimbilie kulima upya. Soya hutoa matawi ikajaza nafasi, mradi mapengo yametawanyika na palizi haichelewi. Kupanda upya kunakula mbegu na siku za mvua ambazo hazirudi. Kubananisha nako kuna hasara: mimea hurefuka, mashina hulegea, na shamba hulala kabla ya mavuno.

Ninawaomba maofisa ugani na wote tunaoandika vipeperushi vya kilimo: tuandike idadi ya miche na jaribio la uotaji kwanza, ndipo tutaje kilo. Na wauza mbegu waandike kwenye kila mfuko uzito wa mbegu 100.