MIRADI YA VIJIJI VYETU: ILIYOSIMAMA NA ILIYOLALA

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya makatibu wa vyama vya msingi katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu



Sisi makatibu wa vyama vya msingi tumepewa heshima kubwa ya kusema mbele yenu siku hii ya furaha. Tuliagizwa tueleze habari za miradi ya maendeleo iliyofanywa vijijini kwa fedha za ushirika. Kazi hiyo ingekuwa nyepesi kama tungehesabu tu majengo yaliyofunguliwa, maana kila jengo lina picha yake, na baadhi ya picha hizo mtaziona katika kitabu hiki. Lakini tulipokutana kuitengeneza hotuba tuliona haitoshi. Tukakubaliana kila katibu arudi kwake, akague kila kitu kilichojengwa, na aandike hali yake ya leo. Haya tunayoyasema yametoka katika ukaguzi huo, na si yote yatakayopendeza masikioni.

Maghala yetu yamesimama vizuri. Wengi wenu mwakumbuka jinsi mambo yalivyobadilika katika mkoa wetu wa Mtwara tangu msimu wa 2007/08, pale korosho zilipoanza kuuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani chini ya sheria ya mwaka 2005. Kabla ya hapo ghala lilikuwa mahali pa kupitishia magunia tu. Sasa mali ya mkulima hulala humo ikingoja mnada, na gunia likinyonya unyevu daraja hushuka na bei hushuka nalo. Kwa hiyo paa likivuja leo, kesho asubuhi wanachama wako mlangoni kwa katibu. Mizani nayo hukaguliwa, maana hakuna mkulima asiyeitazama kwa macho mawili. Vyumba vya madarasa tulivyosaidia kuezeka vinatumika. Barabara za kupeleka magari hadi maghalani huharibika kila masika na hutengenezwa kila kiangazi. Hatuna zaidi la kusema juu yake.

Neno letu kubwa leo ni maji.

Hakuna haja ya kumweleza Mmakonde habari ya kiu, lakini wageni wetu watuvumilie kidogo. Uwanda huu wa juu, Newala na Tandahimba, hupata mvua ya kutosha mikorosho na mihogo. Taabu ni kwamba ardhi yetu ya mchanga huimeza mvua hiyo, nayo hutokeza kwenye chemchemi chini kabisa, mabondeni. Mama zetu waliteremka gengeni alfajiri na kupanda na mitungi kichwani jua likiwa limekwisha kuwa kali. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kusukuma maji kwa mitambo kutoka bondeni hadi juu, nao umewafaa watu wengi. Lakini mabomba hayakufika kila kitongoji. Ndiyo sababu watu wa uwanda huu huchimba visima vya saruji uani na kukinga mvua ya paa.

Ushirika uliona vema kuyatumia mapaa ya maghala na zahanati kwa njia hiyo hiyo. Hesabu yake ni rahisi. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja ya maji. Paa la mita za mraba mia mbili likipata mvua ya milimita 50 hutoa lita 10,000, yaani ndoo mia tano za lita ishirini, ukiacha kidogo kinachopotea njiani. Sisi tuliomaliza kidato cha nne tuliipenda sana hesabu hii. Tuliwasomea wanachama, wakapiga makofi, na makato ya kila kilo yakapitishwa bila mabishano.

Katika kijiji kimoja kisima kikubwa kilijengwa kando ya zahanati. Mjue kwamba kabla yake mwanamke aliyekwenda kujifungua ilibidi jamaa zake wamfuate na madumu ya maji, usiku au mchana. Asiyekuwa na jamaa wa kumchotea alikuwa katika hali tusiyopenda kuieleza katika sherehe. Kisima kilipojaa masika ya kwanza, taabu hiyo ilikwisha. Picha ya ufunguzi ni ya kweli kabisa, na furaha mnayoiona katika nyuso zile ni ya kweli.

Masika ya pili mfereji wa paa, ule wengi wauitao gata, ulilegea upande mmoja. Maji yakawa yanamwagika ukutani. Baadaye mfuniko ulichukuliwa na mtu asiyejulikana, majani ya miembe yakaingia, na kiangazi kile kisima kilipokauka kikapata ufa. Masika ya tatu hakikuweza kushika maji. Madumu yakarudi zahanati. Hali hiyo ilidumu misimu miwili, ndugu wajumbe, na gata lile lingeweza kurudishwa mahali pake kwa misumari michache na ngazi ya kuazima.

Ni rahisi kumlaumu fundi, na ni kweli kwamba saruji yake haikuwa nyingi kama alivyotuandikia. Lakini tulipofungua kitabu cha kumbukumbu tulikuta maneno haya, katika kikao kilichofuata ufunguzi: kamati ya ujenzi imemaliza kazi yake na imevunjwa kwa shukrani. Mwandiko huo ni wa katibu. Sisi wengine tulipokwenda kutazama vitabu vyetu, tulikuta tumeandika maneno yale yale au yanayofanana nayo. Kuanzia siku ile mwanakijiji aliyeona gata limelegea hakuwa na mtu wa kumwambia. Muuguzi alidhani ni kazi ya chama. Chama kilidhani ni kazi ya serikali ya kijiji. Serikali ya kijiji ilisema kisima ni mali ya wakulima wa korosho.

Aliyelitoa jambo hili gizani hakuwa mwanachama. Ni mama mmoja aliyesimama nyuma katika mkutano wa chama, akaomba ruhusa, akauliza: “Fedha za kisima mlizikata katika korosho zilizookotwa na nani?” Mzee mmoja alimjibu kwa upole kwamba wanaosema mkutanoni ni wenye kadi. Mama akasema, “Haya baba, kadi ni ya mume wangu, lakini ndoo ni yangu.” Watu walicheka, kisha wakanyamaza.

Alikuwa na haki. Sheria haimzuii mke kuwa mwanachama ati kwa kuwa mumewe ni mwanachama. Ni mazoea yetu ya kuandika jina moja kwa kila nyumba ndiyo yaliyowafungia mlango wachota maji wenyewe. Msimu uliofuata akina mama kadhaa walijiandikisha katika chama kile. Watatu walichaguliwa kukisimamia kisima, na mama yule ni mmoja wao. Ufa umezibwa, mfuniko una kufuli, gata husafishwa kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, na maji ya mvua ya kwanza humwagwa kwa kuwa yamebeba vumbi na uchafu wa ndege. Kila ndoo ya mtu wa kawaida hulipiwa kidogo. Maji ya zahanati hayalipiwi. Fedha hiyo ina daftari lake, nasi tumeliona.

Sasa twafika mahali pagumu. Ukaguzi umeonyesha kuwa visima vingine vya ushirika vimelala, na vingine vitalala masika ijayo visipotengenezwa. Makato ya msimu huu hayatoshi kutengeneza vya zamani na kujenga vipya kwa mara moja. Makatibu twashauri vya zamani vitangulie, na pasijengwe kisima kipya mpaka kijiji chake kimewataja kwa majina watu watakaokitunza, wanawake wakiwamo.

Twajua maana ya ushauri huu. Viko vijiji ambavyo wanachama wake wamekatwa fedha miaka hii yote na bado hawajapata hata kisima kimoja. Wajumbe wao wameketi humu, na wengine ni wazee wetu waliotuajiri kazi hii. Wakisema tunawataka wangoje ili tuwatengenezee wengine walichokiharibu, hatuna jibu la kuwafurahisha. Baadhi yetu makatibu tunatoka katika vijiji hivyo hivyo, na mabishano yetu juu ya jambo hili yaliendelea mpaka taa zikazimwa. Tunalileta kwenu kwa sababu fedha ni zenu.

Kura itapigwa baada ya chakula. Orodha ya visima vyote, pamoja na hali ya kila kimoja, iko juu ya meza ya karani karibu na mlango. Twaomba kila mjumbe aipitie kabla ya kurudi kitini, na akiona kijiji chake kimeandikwa vibaya amwone katibu wake mara moja ili irekebishwe.