Mhudumu Naye Aketi



Mvuvi wa Msambweni huliona wimbi likija. Kusi ikivuma kwa nguvu, huacha chombo pwani akangoja. Lakini ndege zinazotua Ukunda na wageni wa Diani hupita penye mawimbi yasiyoonekana. Jua likiichoma nchi, hewa ya joto hupanda. Ndani ya mawingu ya mvua hupanda na kushuka kwa nguvu. Na huko juu sana, hata anga likiwa safi, ndege yaweza kutikiswa ghafula. Rada ya rubani huona mvua. Upepo mtupu haiuoni.

Je, waumiao ni akina nani? Katika safari za ndege za Marekani, tangu mwaka 2009 hata 2022, watu 163 waliumia vibaya kwa misukosuko ya hewa. Abiria walikuwa 34. Wengine wote, 129, walikuwa wafanyakazi wa ndege! Abiria ameketi na mkanda wake. Mhudumu yuko wima, anasukuma toroli la chai. Ndege ikishuka ghafula, yeye hurushwa juu, kisha huanguka na kuvunjika.

Katika Matendo ya Mitume 27 twasoma habari za mabaharia waliotaka kutoroka usiku wa tufani. Paulo alionya kwamba hao wasipokaa merikebuni, wengine hawataokoka. Wakakaa, na watu wote 276 wakafika nchi kavu. Uhai wa msafiri na uhai wa anayemhudumia ulikuwa kitu kimoja.

Basi, ndugu, taa ya mkanda ikiwaka tufunge mara moja, wala tusimwite mhudumu kwa ajili ya soda. Tukisimama, itampasa aje kutuketisha, na mwili wake ndio utakaolipa.

Na tusiopanda ndege? Tunaye utingo anayening'inia mlangoni mwa matatu, na kijana abebaye sinia hotelini tangu alfajiri. Je, tumewahi kuwauliza kama wamechoka? Bwana wetu mwenyewe alijifunga kitambaa akaosha miguu ya wanafunzi wake. Amdharauye mtumishi, amsifuje Bwana huyo?

Tuombe. Ee Baba, uwalinde wanaosimama ili sisi tuketi. Utufundishe kuwapa nao nafasi ya kuketi. Amina.