NYUKI NA ADUI MGENI

Mazungumzo ya Bwana Nyuki kwa vikundi vya wafuga nyuki kambini



Wengi mmeniuliza juu ya nyigu wakubwa wa Asia, ambao jamaa zenu walioko Ulaya wamewasimulia. Mwezi uliopita mtu mmoja aliona kiota cha nyigu karibu na mizinga ya kikundi. Akadhani ndio hao, akawasha moto. Kumbe walikuwa nyigu wa kawaida wa hapa hapa. Moto ulishika majani makavu, na mizinga miwili ikateketea pamoja na nyuki wake. Ndiyo sababu nimeomba tuzungumze.

Nyigu hao walionekana Ufaransa mwaka 2004. Inasadikiwa waliingia na shehena ya vyombo vya udongo kutoka China. Wataalamu wanaona kuwa huenda malkia mmoja tu alitosha kuanzisha ukoo wote. Leo wameenea Hispania, Ureno, Italia, Ubelgiji, Ujerumani na kwingineko.

Wanaharibu namna gani? Nyigu huelea hewani mbele ya mlango wa mzinga na kumdaka nyuki anayerudi na chakula. Lakini hasara haiishii kwa wanaoliwa. Nyuki wakimwona adui mlangoni huacha kutoka. Akiba hupungua, na kundi zima laweza kufa wakati wa baridi. Nyuki wa Asia, waliozoeana na adui huyu tangu zamani, humzunguka kwa wingi kama mpira na kumuua kwa joto la miili yao, kiasi cha nyuzi 46. Nyuki wa Ulaya hawana kinga imara kama hiyo.

Wafugaji walifanya nini? Wengi walitega chupa zenye maji matamu. Zilinasa nyigu, lakini zilinasa pia wadudu wengi wasio na hatia. Wengine walipunguza ukubwa wa mlango wa mzinga na kuweka wavu mbele yake. Njia nyingine ni ya subira: humvutia nyigu kwa chambo, humtia alama ya rangi, hutazama anaruka kuelekea wapi na hurudi baada ya dakika ngapi. Hivyo hufuata njia yake hadi kwenye kiota, na wenye vifaa hukiondoa.

Katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, kiota kimoja kilipatikana mwaka 2015. Mwaka 2016 vilikuwa 9, na mwaka 2017 vilikuwa 20. Vyote viliondolewa. Wafugaji, wataalamu na raia wa kawaida walishirikiana kutazama na kutoa taarifa. Mwaka 2018 hakikuonekana kingine. Hawakushinda kwa moto wa mtu mmoja aliyeogopa, bali kwa macho ya watu wengi.

Ndugu zangu, sisi tufanye hivi:

1. Ukiona mdudu usiyemfahamu mzingani, usichome moto wala kupuliza dawa ya sumu. Sumu huua nyuki na kuharibu asali.
2. Mwite kiongozi wa kikundi. Kama mdudu amekwisha kufa, mweke katika kopo na umlete.
3. Usikaribie kiota cha nyigu, na waonye watoto. Aliyeumwa akivimba uso au kupumua kwa shida apelekwe zahanati mara moja.
4. Tusiwasahau maadui tunaowajua. Fyeka majani chini ya mizinga na paka grisi kwenye waya wa kuning'inizia, ili siafu wasipande.

Kwa familia nyingi hapa, asali ndiyo sabuni, daftari la mtoto na nauli. Mzinga uliochomwa kwa hofu hauna tofauti na mzinga ulioliwa na adui. Tuangalie kwanza, tuulizane, ndipo tutende.