Vidonge vya Jirani

Akina mama na wazee wetu wa Munje, leo tuongee juu ya dawa za moyo. Uko ugonjwa ambao protini zilizoharibika hujikusanya ndani ya nyama ya moyo, moyo ukakakamaa kama ngozi iliyoanikwa juani. Haujai damu vizuri, kwa hiyo hutegemea kupiga haraka. Sasa ile atenololi ya presha, inayomfaa jirani kabisa, huupunguza mwendo: mgonjwa akisimama anashikwa na kizunguzungu, pengine aanguke. Verapamili yaweza kumzidishia. Dijoksini nayo hunata kwenye protini hizo, yahitaji uangalizi wa karibu. Tusiazimane vidonge, jamani! (Tunajua, kwa jirani ni karibu kuliko hospitali.) Wala tusiache dawa wenyewe. Mwenye kuvimba miguu na ganzi mikononi, tumpeleke Msambweni na pakiti zake zote, hata zile za kuazima.