Land Rover ya zamani na maji ya Kilombero

Ndugu wasikilizaji wa Lupiro, leo ni zamu yenu mnaoendesha Land Rover Series III, zile zilizoundwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Tangu Daraja la Magufuli kwenye Mto Kilombero lifunguliwe mwaka 2018, safari ya Ifakara haisubiri kivuko. Lakini masika yakikolea, barabara za mashambani bado hujaa maji, na gari hilo linayapita. Raha yake naijua: huendi kasi, unaona mpunga wote.

Bodi ni ya aluminiamu, haioti kutu kama chuma. Chesisi ndiyo ya kuiogopa. Huoza kuanzia ndani, tope linapoganda. Ioshe kwa chini, tena vizuri.

Ukivuka maji marefu, lilaze gari usiku mzima mahali tambarare. Asubuhi legeza kidogo nati ya chini ya difu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yatatangulia kutoka. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imwage yote, uweke mpya.

Na breki zilizolowa? Nenda polepole, ukizikanyaga kidogo kidogo mpaka zishike.