Mionzi Haiambukizi!

Leo tuongee kuhusu mionzi ya kutibu saratani. Wapo watu wanaomkwepa mgonjwa aliyetoka kwenye mionzi. Hata kula naye sahani moja hawataki. Je, kuna sababu ya kuogopa? Tuiangalie mashine yenyewe.

Inaitwa linaki. Ndani yake kuna waya unaopashwa moto mpaka utoe elektroni, zile mlizosoma kwenye fizikia. Elektroni hizo huingia kwenye bomba la shaba lisilo na hewa. Humo, mawimbi kama ya redio huzisukuma mpaka zikaribie kasi ya mwanga. Kisha zinagonga kipande cha tangsteni, na hapo eksirei kali hutoka. Eksirei hiyo huelekezwa kwenye uvimbe ili kuziua seli za saratani.

Sasa sikilizeni: mashine ikizimwa, mionzi inakwisha palepale, kama taa. Haibaki mwilini mwa mgonjwa. Atakuambukiza nini?

Tiba hii ilianza London mwaka 1953, katika hospitali ya Hammersmith. Ocean Road, Dar es Salaam, ilianza kutumia linaki mwaka 2018.

Mgonjwa hutibiwa dakika chache kwa siku, mara nyingi kwa wiki kadhaa. Anachoka, na ngozi inaweza kuuma. Akitengwa, anaweza kukata tamaa na kuacha tiba katikati, na hapo saratani inapata nafasi. Kwa hiyo kama ni mama, shangazi au jirani, kaeni naye, kuleni naye, msindikizeni.

Haya, maswali!