Nabali Ni Mgumu Kuliko Sauli

Somo letu linatoka katika 1 Samweli, sura ya 24 mpaka ya 26. Ukiwa na Biblia, fungua.

Sura tatu, nafasi tatu za kulipiza kisasi. Wahubiri tunapenda ile ya kwanza, na ile ya pili tunairuka. Leo tusiiruke.

Nafasi ya kwanza ni pango la Engedi. Sauli amechukua watu 3.000 ili kumtafuta Daudi. Anaingia pangoni kujisaidia, naye hajui kama Daudi na watu wake wamejificha mle ndani. Watu wa Daudi wanamwambia kwamba hii ndiyo siku Mungu aliyomwahidi. Angalieni, wapenzi: kisasi kilikuja kimevaa nguo ya unabii! Lakini Daudi alikata pindo la vazi tu, na hata hilo likamchoma moyo. Mlango ukiwa wazi, si lazima Mungu ndiye aliyeufungua.

Nafasi ya pili ni Nabali, tajiri wa kondoo 3.000 na mbuzi 1.000. Watu wa Daudi walikuwa wamewalinda wachungaji wake porini. Siku ya kukata manyoya, Daudi akatuma vijana 10 kwenda kuomba chakula kwa heshima. Nabali akawatukana, akamfananisha Daudi na mtumwa aliyetoroka bwana wake. Na Daudi yule yule, aliyemwacha mzima mfalme anayewinda roho yake, akafunga upanga na kuondoka na watu 400. Akaapa kwamba kufika asubuhi hatabaki mwanamume hata mmoja katika nyumba ile. Sababu ni nini? Tusi na chakula!

Ndugu zangu, Nabali ni mgumu kuliko Sauli. Sauli ni mfalme, tunamwogopa. Nabali ni jirani, ni shemeji, ni mtu wa sokoni. Ni yeye anayetuangusha.

Niwaambie ya kwangu. Nilipokuwa chuo cha Biblia, ndugu mmoja wa ukoo wetu aliuza kiwanja alichotuachia baba. Niliporudi, nilikuta ukuta wa mtu mwingine. Jioni moja vijana wa nyumbani wakaja na bidoni ya esanse. Wakaniambia: «Mchungaji, wewe ingia ndani ulale tu. Hautajua kitu.» Ninaona haya kusema, lakini sikuwakataza. Nilinyamaza, na kimya changu kilikuwa ruhusa.

Aliyesimama mlangoni ni mke wangu. Aliuliza neno moja: «Baba, siku ya Mungu utapanda mimbarani na mikono gani?» Nikatoka, nikachukua ile bidoni mwenyewe.

Ndivyo Abigaili, mke wa Nabali, alivyofanya. Alipakia punda mikate 200, divai, nyama, bisi na mikate ya tini, akaenda kukutana na Daudi njiani. Alimwambia Daudi kwamba siku Mungu atakapomweka kuwa mkuu, asiwe na damu ya bure inayomsumbua moyoni. Daudi hakumwambia, «Nyamaza, mama.» Alimshukuru Mungu kwa ajili yake. Wanaume, tusikie! Pengine Abigaili wako yuko jikoni sasa hivi.

Halafu tazama saa ya Mungu. Nabali alikufa baada ya siku kama 10. Lakini Sauli aliendelea kutawala. Katika sura ya 26 Daudi anamkuta tena, amelala, mkuki uko kichwani pake. Abishai anataka kumchoma mara moja tu. Daudi anakataa: Mungu mwenyewe atampiga, ao siku yake itafika, ao ataanguka vitani. Hakujua ni ipi. Alimwachia Mungu siku, akamwachia na njia. Na Sauli alipoanguka Gilboa, Daudi alilia, akafunga mpaka jioni.

Lakini msinisikie vibaya. Kungojea si kunyamaza. Daudi alitoka pangoni, akamwita Sauli, akamwonyesha kile kipande cha nguo. Na Sauli alipolia, Daudi hakurudi kukaa naye, alipanda ngomeni. Umedhulumiwa? Sema mbele ya wazee, mbele ya shefu, mbele ya sheria. Unapigwa nyumbani? Toka, jiweke mbali. Warumi 12:19 haikatazi haki. Inakukataza kujifanya wewe ndiwe hakimu na mwenye upanga.

Hapa kwetu mashariki ya Congo tumezika wengi. Kijana anaingia porini kwa sababu ya damu ya baba yake, na kesho mtoto wa mwingine anaingia kwa sababu yake yeye. Ni nani atakayeshika bidoni na kusema, «Inaishia kwangu»?

Kile kiwanja hakijarudi mpaka leo. Kesi ingali kwa wazee. Lakini binti ya ndugu yule anaimba kwaya kanisani kwetu, na ninapomwona ninaweza kumtazama machoni. Ile nyumba yao ingewaka, yeye alikuwa amelala ndani.

Tuombe. Bwana, kuna mtu ananisikia naye amekwisha kupanga usiku wake. Mtumie Abigaili kabla hajafika. Mpe kukuachia wewe siku na njia. Katika jina la Yesu. Amina.